Gari hadi kwa Mama wa Kalinzi

Nilimwambia elfu themanini, kwenda na kurudi.
Akasema hamsini, bila kupepesa.
Alikuwa ameshuka treni ya Tabora asubuhi ile,
raba za shule miguuni, sari ya kijivu,
kapu la nazi tatu na kitambaa chekundu cha nyuzi za dhahabu.
"Ninayemwendea hapunguziwi," akasema,
"lakini wewe, mwanangu, una nafasi ya kupungua."
Tukafunga sitini na tano. Chai juu yangu.

Mwandiga trafiki akatusimamisha.
"Bibi, safari ya wapi?"
"Namwendea Mama."
"Mama wa nani?"
"Hata wako, akitaka."
Akacheka, akasahau kukagua tairi,
nami nikamshukuru huyo Mama kabla sijamjua.

Kisha milima ikaanza kutudai.
Wewe unayeijua barabara ya Manyovu unaelewa:
unapanda, unakata kona, na ziwa ulilodhani umeliacha
linakuchungulia tena kwenye kioo cha nyuma,
dogo sasa, kama sinia lililoanikwa.
Migomba, mibuni, ukungu umekaa juu ya mabati.
Bibi Jasumati haangalii. Anahesabu kona kwa vidole.
"Hapa baba aliuza chumvi na jora za marekani.
Hapa nilitapika, nina miaka sita.
Hapa palikuwa na mti."

Kona ya kumi na nane, Proboksi ikachemka.
Nikafungua boneti, mvuke ukanipiga kibao.
Dumu langu tupu. Mto uko chini kabisa, bondeni,
unasikika tu, kama mtu anayekusengenya.
"Bibi, una maji?"
Akatoa chupa ndogo ya shaba, mdomo umezibwa kwa nta.
"Haya yametoka Ganga. Aliyaleta shangazi kwa meli.
Nimeyatunza miaka thelathini na moja, nimwoshee Mama miguu."
Nikasema basi, tungoje pikipiki ipite.
Akaitazama chupa. Akaitazama rejeta.
"Na Mama naye," akasema, "atafikiwaje?"
Akaibandua nta kwa jino.

Kutoka barabarani ni kwa miguu.
Mimi nilibeba kapu; yeye alibeba pumzi yake.
Hekalu lenyewe, usitegemee makuu:
kadiri ya kibanda cha kukatia tiketi,
chokaa, bati moja limeinuka kama sikio.
Ndani, Mama mwenye mikono minane amempanda chui wa kwetu,
wa madoadoa,
kwa kuwa yule wa milia fundi wa Kasulu hakuwahi kumwona.
Na taa ilikuwa inawaka.

Bibi akashika ukuta.
Mwanamke akatoka migombani, jembe begani,
Nyabenda jina lake.
"Baba yako alimwachia ufunguo mama yangu,
mama akaniachia mimi.
Samli iliisha zamani. Natia mawese.
Hajalalamika."

Nikavua viatu, sijui kwa nini. Mimi ni Msabato.
Labda kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa deki.
Bibi akasali kwa lugha yake, upesi, kama anayegomba,
punje ya mchele kwa kila mwanawe:
mmoja Lesta, wawili Toronto.
Punje ya nne aliikawiza kiganjani.
Hiyo hakuitajia mji.
Miguu ya Mama aliifuta kwa ncha ya sari, kavu kavu.
Nazi ikapasuliwa. Nikapewa kipande, nikala.

Kigoma tuliingia usiku.
Akanihesabia sitini na tano kamili, noti zikinuka iliki,
hakuongeza hata mia.

Juma lililofuata fundi wangu aliinamia boneti muda mrefu.
"Sadoki, hii rejeta ilitakiwa ikufie mlimani.
Umetia maji gani humu?"
"Ya kawaida," nikamjibu,
na ulimi ukanigandia kwenye kaakaa.